Ukurasa wa Waliofutwa

Orodha ya nondo wa Mkoa wa Tanga tuliyoirithi ilikuwa na nondo wawili ambao kwa kweli alikuwa mmoja. Mstari mmoja ulisomeka Prodenia litura. Mwingine, chini kidogo, Spodoptera littoralis. Wote wawili waliandikwa kuwa wanakula pamba, tumbaku, nyanya na mboga za majani. Wote wawili wana bawa la mbele la kahawia lililochorwachorwa mistari ya rangi ya maziwa, na bawa la nyuma jeupe. Jina la kwanza lilitoka kwenye ripoti za kilimo za zama za mkoloni, la pili kwenye machapisho ya miaka ya karibuni. Aliyeikusanya orodha aliona majina mawili, akaandika mistari miwili. Nani angemlaumu?

Ukweli ni kwamba litura ni wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Fabricius ndiye aliyempa jina, mwaka 1775. Wa kwetu ni littoralis, aliyeelezwa na Boisduval mwaka 1833. Kwa macho huwatofautishi, hata uwe na lenzi nzuri kiasi gani. Tofauti yao iko kwenye viungo vya uzazi, na kabla wataalamu hawajakaa chini kuwapasua na kuwalinganisha katikati ya karne ya 20, vitabu vingi vya Afrika vilimwita huyu wetu kwa jina la yule wa Asia. Afisa kilimo wa wakati ule aliyeandika Prodenia litura hakuona mdudu wa kufikirika. Alimwona huyu huyu tunayemwona sisi, akamwita kama vitabu vyake vilivyomwita. Kwa hiyo ripoti zake zote tulizihamishia kwa littoralis, na mstari wa litura tukaufuta. Orodha ikapungua, na msituni hakuna nondo aliyetoweka.

Watu wanapenda orodha inayokua. Ukisema umeongeza spishi mpya, utapongezwa. Ukisema umefuta, utapewa pole. Mimi naona kinyume: orodha ya viumbe ambayo haijafuta kitu kwa miaka mingi naiogopa, kwa maana hiyo ni dalili kwamba hakuna anayeisoma upya. Na ya nondo ndiyo ya kuogopewa kuliko zote. Duniani kuna zaidi ya spishi 150,000 za nondo na vipepeo zilizopewa majina, na vipepeo wa mchana, wale wa kwenye mabango ya utalii, hawafiki 20,000. Wengine wote ni nondo, na wengi wao ni vidogo, vya kahawia, na vinakuja usiku watu wamelala.

Niseme kwanza tunafanya nini, halafu nirudi kwenye kufuta. Tuko wachache, kila mtu na kazi yake ya mchana. Tunatundika shuka jeupe, tunawasha taa mbele yake, tunangoja. Wanaotua tunawapiga picha, na baadhi, pale tulipo na kibali, tunawakusanya. Kila rekodi lazima iwe na mambo manne: nani aliona, wapi hasa, lini, na ushahidi gani umebaki. Ushahidi ni picha, au mdudu mwenyewe kwenye pini, au maandishi ya mtu anayeweza kuulizwa. Likikosekana moja kati ya hayo, rekodi inakaa kwenye karatasi ya wanaosubiri, haiingii.

Hayo manne yanaonekana mepesi mpaka pale picha zinapoanza kuja kwa WhatsApp. Picha ikipita huko hupunguzwa ukubwa, na zile taarifa za tarehe na mahali ambazo simu iliziandika ndani yake hufutika. Unabaki na nondo mzuri anayeelea hewani, hana siku wala kijiji. Siku hizi namwomba kila mtu atume kama dokumenti, si kama picha, maana hapo faili hufika zima. Wapo wanaosahau, na nawauliza upya. Kijana mmoja wa bodaboda wa Muheza, ambaye ana macho kuliko sisi wote, aliniambia: "Kaka, wewe unaniuliza maswali kuliko polisi." Lakini sasa hutuma dokumenti, na chini yake anaandika jina la kitongoji bila kuombwa.

Rekodi za leo angalau mwenyewe yuko hai, unampigia simu. Shida kubwa iko kwenye za zamani, na hapa Tanga za zamani ni nyingi kwa sababu ya Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo na viumbe. Wadudu wa milima ile walipigwa pini, wakapangwa kwenye masanduku, wakasafirishwa, na wengi wako Berlin mpaka leo. Kisha Waingereza wakakichukua kituo, na mwishoni mwa miaka ya 1940 shughuli za kilimo zikahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Msitu wenyewe tangu 1997 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua nondo wa Amani anatakiwa atafute Amani, Berlin, London na Nairobi, na kila mahali wameandika kwa lugha yao na kwa mipaka ya wakati wao.

Mipaka ndiyo inayotesa. Lebo ndogo iliyoandikwa kwa mkono "D. O. Afrika" inamaanisha Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo ndani yake kuna Tanzania Bara ya leo, Rwanda na Burundi. Lebo iliyoandikwa "Usambara" peke yake ni afadhali, lakini Usambara ni pana: kuna Sigi kule chini kwenye joto na unyevu, kuna Amani kwenye mita kama 900, kuna Lushoto na Magamba upande wa magharibi ambako unavaa koti asubuhi. Nondo wa Sigi na nondo wa Magamba hawajuani. Na kuna mtego mwingine ambao msomaji wa haraka anaweza kuuangukia kirahisi: Usumbura. Hilo ndilo lilikuwa jina la Bujumbura enzi hizo. Herufi mbili tu kwa mwandiko wa kalamu ya wino, na nondo wa ziwa Tanganyika anakuwa nondo wa mkoa wetu.

"Zanzibar" nayo. Katika karne ya 19 Unguja ndiyo ilikuwa bandari na soko. Misafara ikitoka bara iliishia pale, na mizigo ikapakiwa pale. Mtu wa makumbusho Ulaya akipokea sanduku kutoka Zanzibar aliandika Zanzibar, hata kama mdudu alikamatwa Pangani, Handeni au mbali zaidi. Hatuwezi kumchukua kila nondo wa "Zanzibar" tukamweka bara kwa sababu tunashuku, wala hatuwezi kumkubali kisiwani bila swali. Huyo anakaa kwenye wanaosubiri, pengine milele. Wenzetu wa Kenya na Uganda wana lao: mkoa wa mashariki wa Uganda, ikiwemo Kisumu na Naivasha, ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Nondo aliyekamatwa Naivasha mwaka 1899 akaandikiwa "Uganda" hakuhama. Uliohama ni mpaka. Nasi kwetu, kwa kipimo kidogo, Kilindi ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002 na Mkinga ikatoka Muheza. Ukitunza orodha kwa wilaya, lebo inayosema "Muheza" bila kijiji inaweza kuwa si ya Muheza ya leo.

Si kwamba watu wa zamani hawakujua kuandika lebo. Msafara wa Wasweden ulioongozwa na Yngve Sjöstedt, uliokwenda Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, uliandika mahali, ukanda wa mlima na urefu kutoka usawa wa bahari. Ukisoma "Kibonoto" na mita zake unaweza leo kupanda mlima ukasimama karibu pale pale. Miaka zaidi ya mia imepita na lebo ile bado inafanya kazi kuliko picha nyingi ninazotumiwa Jumapili jioni.

Tuje kwenye majina. Watu hudhani jina la kisayansi likishawekwa limewekwa. Kumbe nalo linahama nyumba, na kila linapohama kuna orodha mahali fulani inayomhesabu mdudu mara mbili. Funza anayetoboa maganda ya kunde, ambaye kila mkulima wa kunde anamjua, vitabu vya zamani vinamwita Maruca testulalis, vya sasa Maruca vitrata. Funza wa vitumba wa pamba alikuwa Heliothis armigera, sasa ni Helicoverpa armigera. Kiwavijeshi wetu wa asili alikuwa Laphygma exempta, sasa ni Spodoptera exempta. Mtu akichanganya kitabu cha 1950 na cha 2010 bila kuangalia, anapata nondo sita mahali penye watatu, na orodha inanona.

Kuna alama moja ndogo inayosaidia sana, ambayo wengi wanaoandika orodha huiacha kwa kudhani ni pambo: mabano. Jina la aliyemwelezea mdudu likiwa ndani ya mabano, maana yake mdudu huyo ameshahamishwa kutoka jenasi aliyowekwa mwanzoni, yaani lile kundi la spishi ndugu linalotajwa na neno la kwanza la jina. Bila mabano, bado yuko, au amerudi, alipozaliwa. Angalia kantangaze wa nyanya. Mwaka 1917 Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Uingereza aliyewapa majina maelfu ya nondo wadogo, alimwelezea kutoka Peru kama Phthorimaea absoluta. Baadaye akahamishwa, akahamishwa tena, na kuanzia 1994 dunia nzima ikamjua kama Tuta absoluta, Meyrick akiwa ndani ya mabano. Ndiyo jina lililokuwa midomoni mwa maafisa ugani alipoingia Kenya na Tanzania mwaka 2014 na kuteketeza nyanya. Halafu 2021 wataalamu wawili wakaonyesha kwamba Meyrick alikuwa sahihi tangu mwanzo, jina likarudi Phthorimaea, na mabano yakavuliwa. Mkulima wa Lushoto hakuhisi chochote, kantangaze aliendelea kula. Lakini kwenye orodha, asiyefuatilia atakuwa na kantangaze wawili.

Na si kila jina la zamani lina heshima sawa. Francis Walker, aliyefanya kazi kwenye makusanyo ya makumbusho ya London katikati ya karne ya 19, aliwapa majina wadudu kwa maelfu, na mara nyingi alimwelezea mdudu mmoja zaidi ya mara moja bila kujua. Alipofariki mwaka 1874, tanzia moja ya wanasayansi wenzake ilisema waziwazi kwamba kifo chake kilichelewa miaka zaidi ya ishirini kwa ajili ya sifa yake. Ukali wa ajabu kwa marehemu! Hata hivyo kiwavijeshi exempta ni jina lake, na linasimama. Kwa hiyo hatuwezi kumtupa mtu mzima mzima. Tunaangalia mstari kwa mstari. Kwa kazi hiyo tunategemea sana Afromoths, kanzidata ya mtandaoni ya nondo wa Afrika kusini mwa Sahara, ambayo imefanya kazi ya miaka mingi ya kuunganisha majina pacha. Lakini hata ukiwa nayo, lazima mtu akae aoanishe jina moja moja na orodha yake.

Niingie kwa kiwavijeshi vamizi, maana yeye ametufundisha kuhusu tarehe. Spodoptera frugiperda ni wa Amerika. Alipewa jina mwaka 1797. Afrika aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na 2017 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania akila mahindi. Tangu hapo kila mtu alimwona, na hata waliowaona nondo wengine walimwona yeye. Picha za zamani zikafufuliwa: "Mimi huyu nilimpiga picha 2009!" Hapana. Ukimtazama vizuri wa 2009 ni exempta, au ni littoralis yule wa mwanzo. Dume la frugiperda lina kiraka cheupe karibu na ncha ya bawa la mbele na alama ya mshazari ya rangi hafifu katikati. Jike ni la kijivu tu, halina cha kushika. Kiwavi ndiye rahisi: kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Kiwavi wa exempta, wakiwa wengi, ni mweusi wa mahameli mwenye mistari ya njano pembeni. Ukinitumia picha ya jike peke yake, la kijivu, lililochakaa, hata tarehe iwe ya 2020, sikuandikii jina.

Mitego nayo inadanganya kwa namna yake. Mtego wa feromoni una chambo chenye harufu ya kutengenezwa inayofanana na ya jike, madume yanaingia yenyewe. Watu hudhani basi kilichomo ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti ya chambo. Lakini huko Afrika Magharibi ilionekana kwamba mitego ya kiwavijeshi vamizi iliwanasa pia nondo wa jenasi ya Leucania, ambao ni wenyeji na wanapenda nyasi. Asiyefungua ndoo na kuwaangalia mmoja mmoja anahesabu wote kuwa adui mmoja. Kwa mkulima hilo ni suala la dawa anayopiga bila sababu. Kwa sisi ni rekodi za uongo zinazoingia kwa ndoo.

Wadudu waharibifu angalau wana watu wanaowajali. Serikali ina mitego yao, mkulima anawalalamikia, watafiti wanawapasua. Huko Muguga mitego ya taa iliwahesabu akina exempta usiku baada ya usiku ili kutabiri mlipuko. Hao ndio mistari yetu imara kabisa. Yule nondo wa msituni Amani, wa kijani kama ukungu, asiyekula zao la mtu yeyote, huenda ushahidi wake pekee duniani ni mdudu mmoja mwenye bawa lililovunjika, ndani ya droo, ng'ambo ya bahari. Usahihi hufuata mfuko wa mtu, hiyo ndiyo hali.

Swali jingine gumu ni la wanaokuja na mizigo. Kuna nondo anayeitwa Ceratophaga vastella ambaye viwavi wake hula pembe za wanyama waliokufa. Umeshaona pembe za kongoni au mbogo zilizosahaulika mahali, zimeota vijiti vya udongo kama vidole? Vile ni vihandaki alivyojenga yeye. Sasa pembe zikitoka nyika za Handeni zikaletwa kwenye ofisi ya zamani mjini Tanga, nondo akatokea ukutani, je, ni nondo wa mjini? Tulibishana sana. Mwisho tukakubaliana kwamba anayehesabika ni aliyeonyesha kuzaliana mahali hapo bila kubebwa. Wa ofisini tuliandika mahali pembe zilipotoka, si zilipotundikwa. Nondo wa ghala la mchele na nafaka wao wanazaliana mle mle mwaka mzima, kwa hiyo wanaingia bila mjadala, hata kama mababu zao walishuka bandarini.

Siku hizi simu inakupa jina kabla hujavuta pumzi. iNaturalist, programu ya kuweka picha za viumbe na kuwatambua, naitumia na ninaipenda. Imetuletea macho ya watu ambao tusingewapata maisha yetu yote. Lakini programu inapendekeza kutokana na picha ilizofundishwa, na picha nyingi za nondo hazikutoka kwetu. Halafu watu wawili wakikubaliana, rekodi inaweza kupanda daraja ikaitwa ya kitafiti, hata kama wa pili aliitikia tu kwa adabu. Mfano ninaoupenda ni wa Acherontia, yule nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni, anayeingia kwenye mizinga kuiba asali na akishikwa analia kama panya. Spishi ya Afrika ni atropos. Ndugu yake, styx, anapatikana kuanzia Mashariki ya Kati kuelekea Asia, na jina lake huchomoza kwenye mapendekezo mara kwa mara. Ukimpiga picha kwa juu tu, ubishi hauishi. Mgeuze: upande wa chini wa bawa la mbele styx ana mikanda miwili katikati, atropos mmoja, na tumboni kwa chini atropos huwa na milia myeusi ambayo styx kwa kawaida hana. Picha moja ya tumbo inamaliza maneno. Ndugu zetu walioko Arabuni wana sababu ya kumtazama kwa makini zaidi. Sisi wa Tanga tukiandikiwa styx tunaomba tumbo kwanza.

Vinasaba vinasaidia, ingawa si kama watu wanavyodhani. Mguu mmoja wa nondo unatosha kusoma kipande kimoja cha vinasaba, chenye herufi zipatazo 650, na kukilinganisha na maktaba ya dunia. Ila maktaba ina majina waliyoandika binadamu. Kama aliyepeleka mguu wa kwanza alikosea jina, wote watakaofanana naye watalikosea pamoja naye, tena kwa kujiamini. Halafu kuna vibali vya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, vibali vya hifadhi, na vibali vya kupeleka sampuli nje. Ni sawa viwepo. Baada ya historia ya yale masanduku ya Amani sioni haya kusema hivyo. Ila vinachukua muda, na nondo aliyekauka hana haraka.

Kwa hiyo mara nyingi tunarudi kwenye njia ya kizamani. Unalikata tumbo la nondo aliyekauka kwa kibanio, unalitia kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, unalipasha moto taratibu. Mafuta na minofu vinayeyuka, linabaki ganda laini la rangi ya chai. Unaliosha, unalipangusa magamba kwa brashi ndogo kabisa, kisha chini ya hadubini unavivuta nje viungo vya uzazi bila kuvichana. Kwa dume unatazama umbo la yale makoleo mawili ya pembeni. Mkono ukitetemeka, umeharibu. Meyrick, pamoja na sifa zake zote, njia hii hakuitaka, aliamini mabawa na lenzi yake. Ndiyo maana kazi ya kupanga upya nondo wadogo wa Afrika haijaisha.

Tunachokifanya tofauti na orodha nyingine nilizoziona ni kwamba hatufuti kimyakimya. Nyuma ya orodha kuna ukurasa wa waliofutwa. Kila jina liko pale, na mbele yake sababu: jina pacha, lebo ya Usumbura, picha ya kutoka nchi nyingine, mdudu hakuonekana kwenye droo iliyotajwa. Mwenzetu mmoja alipinga sana. Alisema tunaanika aibu. Lakini usipoandika sababu, jina linarudi. Mtu ataliona kwenye kitabu cha zamani, atadhani tumelisahau, atalirudisha kwa nia njema kabisa. Litura alirudishwa hivyo hivyo baada ya kufutwa mara ya kwanza, kabla ukurasa haujakuwepo.

Kuna mpaka ambao tunaulinda: kutoonekana si sababu ya kufutwa. Nondo aliyekamatwa Amani mwaka 1906, lebo safi, mdudu yupo kwenye droo, anabaki hata kama tangu hapo hakuna aliyemwona. Anabaki na mwaka wake. Huenda msitu wake ulishakuwa shamba la chai, huenda yupo juu ya miti ambako taa yetu haifiki. Anayefutwa ni yule ambaye hakuwahi kuwepo. Wageni wengi huchanganya hayo mawili, na kuna aliyetaka tuwafute "wasioonekana" ili orodha iwe ya kisasa. Tungefanya hivyo, tungepoteza kitu pekee ambacho orodha inaweza kutuambia kuhusu msitu uliopita.

Mwezi huu niko na maafisa ugani wa vijijini. Nimewaomba yaliyomo kwenye mitego wasiyamwage, wayakaushe, wayaweke kwenye chupa na kikaratasi cha kijiji na tarehe, ili tuwatafute akina Leucania. Mmoja, wa upande wa Soni, alinipigia juzi. Kulikuwa na majike ya kijivu yaliyokuja kwenye taa ya ofisi yake, naye alikuwa ameyachanganya na ya kwenye mtego.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Umeyaona?"

"Nimeyaona kwenye picha. Hayo ya taani siwezi kuyapa jina."

"Mbona mwaka jana ulisema ni vamizi?"

"Nilisema yanafanana naye. Andika Spodoptera, halafu sp na nukta, yaani jenasi tunaijua, spishi bado."

"Nukta? Huko wilayani fomu inataka jina kamili, bwana. Watasema sikufanya kazi."

"Andika hivyo hivyo, chini yake weka jina langu na namba yangu, waniulize mimi."

Alinyamaza kidogo, nikasikia anaandika. "Haya, nimeweka nukta. Lakini hizi chupa uje uzichukue wewe mwenyewe, maana moja nilifunga bila kukausha, na imeanza kunuka."